Ndoo Iliyomwagika Mlimani

Mjukuu wangu Somoe,

Marahaba. Huku Mkunya hatujambo, mikorosho imechanua na babu yako kikohozi kimemwachia.

Unauliza kama safari zetu za maji zilikuwa "harrowing", neno ambalo mwalimu wako anasema ni la jambo linalotesa moyo hata likishapita. Kupanda mlima kutoka kisimani kulichosha tu, usiliweke hapo. Lakini siku moja, mama amejifungua alfajiri na nyumbani hamna hata tone, niliteleza karibu na kilele. Mchanga ukanywa maji yote. Nikakaa chini nikalia. Hapo liandike.

Ila usiishie hapo, nitakasirika. Wenzangu hawakunipa hata pole. Kila mmoja alitua ndoo yake, akachota kata moja, akanimiminia. Tulikuwa wengi.

"Simama," akasema mmoja wao, Mama Fatu, "mtoto anasubiri kuogeshwa."

Mtoto mwenyewe ni mdogo wangu, babu yako Hamisi, huyo anayekuletea korosho hapo Masasi. Mama aliishi mpaka uzeeni, na hakujua kamwe kwamba ndoo ile ilimwagika.

Bibi yako,
Asha