Sanamu Iliyowekewa Wageni

Milimani, Kisumu
Alhamisi, 12 Juni 2025

Mpendwa Shangazi Selpha,

Kabla ya salamu, nakusihi usimwonyeshe mtu barua hii, hata mumeo Baba Cliff. Neno moja likivuja, mimi sina kazi.

Hujambo lakini? Goti linaendeleaje na joto hilo la Lodwar? Sisi tu wazima. Mama anakohoa kidogo, ila kanisani hakosi. Mimi mwili hauna neno, lakini nina hasira hata chai hainishuki.

Nilikuambia chuo chetu cha wauguzi kilipewa vifaa vya kisasa: sanamu ya mtoto mchanga inayolia na kubadilika rangi ikikosa hewa, pamoja na vishikwambi vya wanafunzi kujibia mazoezi. Nilifurahi kama ni vyangu. Shangazi, sanamu hiyo haijavuliwa nailoni mpaka leo! Imefungiwa kabatini kama vikombe vya wageni. Wafadhili wakija inatolewa, inalia ndani ya nailoni yake, inapigwa picha, inarudishwa. Wanafunzi wanachorewa mtoto ubaoni, wananakili.

Wiki iliyopita Bwana Ooko, naibu mkuu wa chuo, aliniletea maneno ya siri ya kufungulia vishikwambi vya wanafunzi wote sitini. Alitaka niingie kwa jina la kila mmoja nijibu mazoezi ya sanamu, ionekane waliyafanya.

"Madam, wewe bonyeza tu. Sanamu haifi."

Nikabonyeza. Niliogopa, nikabonyeza majina thelathini na moja.

Jana Oduor wa mwaka wa tatu alikuja dirishani pa ofisi yangu ya ukarani na simu mkononi, akicheka.

"Madam Nanyama, nimepongezwa! Eti nimefufua mtoto kwa sekunde arobaini. Na huyo mtoto namjua kwa picha tu. Ero kamano, asante chuo!"

"Daktari Oduor!" wenzake wakamtania. "Mfufue na Tom, huwa anakufa kwa usingizi kila somo la saa nane."

Wenzake walipoondoka, akainama dirishani. "Lakini Madam, Jumatatu tunaingia wodi ya akina mama. Mtoto akikataa kupumua, nafanya nini?"

Nikajifanya natafuta faili.

Namchukia Bwana Ooko, na mimi mwenyewe sijipendi. Mtoto wa mtu atabadilika rangi mikononi mwa mwanafunzi niliyempasisha mimi, karani! Majina ishirini na tisa yaliyobaki yanatakiwa kesho saa sita mchana, la sivyo mkataba wangu unaishia hapo. Sitabonyeza hata moja. Nimeandika yale majina thelathini na moja, na saa niliyoingia kwa kila moja, nikatia sahihi yangu.

Wewe umefundisha ukunga miaka mingi, wakaguzi unawajua. Waombe waje kabla ya Jumatatu, wamwite mwanafunzi yeyote, wamkabidhi sanamu, waangalie mikono yake. Usinitaje. Wakifika, orodha nitawapa mwenyewe.

Nisalimie Baba Cliff, Nasipwondi na Shantel. Mungu akulinde wewe na kila mtoto unayempokea.

Mpwa wako akupendaye,
Nanyama

Barua hii anaileta Dishon wa kanisani. Atakufikia kesho asubuhi. Usipige simu ya ofisi, inalia mezani kwa Bwana Ooko. Mpigie Mercyline, rafiki yangu anayeuza omena, wale dagaa wa ziwani, sokoni Kibuye. Namba iko nyuma ya bahasha. Piga kesho baada ya saa saba mchana, useme unataka omena ya kuletewa Lodwar, nitajua ni wewe. Nitakuwa nimeketi hapo kando yake.