Mawe Arobaini na Matatu ya Bi Mwanakombo

Mabawa, Tanga
Jumatano, baada ya adhuhuri

Dada Riziki,

Shikamoo. Na nyingine ni ya mama, umpelekee wewe mwenyewe, usimtume mtu. Goti linaendeleaje? Mara ya mwisho uliniambia unapanda ngazi za baraza kwa ubavu kama kaa. Nikacheka, simu ilipokatika sikucheka tena. Na lile paa la jikoni, kaka Faki ameshalishughulikia au anasubiri mvua imkumbushe? Mimi mwili wangu mzima, alhamdulillahi. Kinachonisumbua ni roho, ndiyo maana nakuandikia kwa mkono. Wewe simu ukiipokea unaiweka spika, nyumba nzima inasikia, na neno hili likisikika hapo, kabla ya magharibi limeshafika Konde. Soma peke yako kwanza.

Dada, naogopa. Naogopa kuitwa mwizi.

Nianze mwanzo. Unajua kazi yangu hapa ni kusuka upya nyaya za mota zilizoungua. Mwaka jana mtu aliniachia mota ya mashine ya kufulia, hakuirudia tena. Nikaiundia pipa dogo la kuzungushia mawe: kipande cha bomba la plastiki, ndani nimekibandika mpira wa tyubu ya lori, kinalala juu ya fimbo mbili za chuma, na mota inazungusha. Unatia mawe, maji na unga mkali wa kusagia, unafunga, linazunguka siku saba bila kusimama. Unga wa kwanza ni namba themanini, unakwaruza kama msasa mzito. Unafuata wa mia mbili na ishirini, kisha mia tano. Wa mwisho ni mweupe, laini kama poda ya mtoto, huo ndio unaotoa mng'aro.

Hakuna aliyenifundisha. Nilitazama kwenye simu, nikakosea, nikatazama tena. Mara ya kwanza nilitia kokoto za ufukwe wa Raskazone pamoja na vipande vya matumbawe. Siku ya saba nafungua, matumbawe yote yamekuwa uji na kokoto zimebaki na sura zilezile. Nikajifunza kutochanganya jiwe gumu na laini. Mara ya pili nilijaza pipa mpaka mdomoni, mawe hayakupata pa kubingirika. Mara ya tatu nikatia machache mno, yakawa yanaanguka na kuvunjana ncha. Siku hizi najaza theluthi mbili, halafu nasikiliza. Mlio uwe wa manyunyu juu ya bati. Ukisikia kokoto kwenye debe, kuna kitu hakiko sawa. Majirani nao wakawa na lao. Hapa Mpemba akifunga mlango wa chumba tu, watu washasema anafuga jini. Miaka tisa naishi mtaa huu, nimewasukia mota za pampu na feni zao, bado jina langu ni Mpemba.

Sasa kuna mama wa mtaa wa nyuma, Bi Mwanakombo. Mumewe alikuwa dereva wa lori, akipeleka mizigo ya wachimbaji kule bonde la Umba. Kila safari alirudi na jiwe moja jekundu mfukoni. Si yale ya sonara, ni yale ambayo wanunuzi wameyasukumia pembeni. Yamekaa kwenye bati la biskuti miaka yote. Mzee alipofariki, Bi Mwanakombo akaingia eda, na humo ndani akaamua kwamba siku ya kutoka atawagawia binti zake na wajukuu mawe ya baba yao. Lakini anayataka yaking'aa. Akasikia habari za pipa langu.

Yeye hawezi kutoka, kwa hiyo aliyeyaleta ni shemeji yake, Bwana Hemedi, mdogo wa marehemu. Alikuja na mashahidi wawili. Akayamwaga juu ya mkeka, akahesabu kwa sauti: arobaini na matatu. Kisha tukaenda wote kwenye duka la viungo la jirani, tukapima: gramu mia sita na kumi na nane.

"Umesikia, Mpemba?" akasema. "Hii ni amana. Na mashahidi hawa hapa."

"Nimesikia, Bwana Hemedi."

Ilikuwa imebaki siku sitini na mbili eda kwisha. Nikapiga hesabu, maana mawe haya ni magumu kuliko kokoto zangu: kumi na nne kwa unga wa kwanza, kisha nane, nane, na nane za mng'aro. Jumla thelathini na nane. Nabakiwa na siku ishirini na nne za dharura. Dada, niliona nimejipangia vizuri kuliko waziri.

Hapo nilifanya kosa ambalo si la mawe. Jiwe likisagwa linapungua, maana mng'aro haupakwi juu kama rangi. Unaondoa ngozi mbaya mpaka uifikie nzuri. Nilijua. Sikusema. Nilidhani kila mtu anajua.

Baada ya siku kumi na nne nilipima mwenyewe: mia tano sitini na moja. Gramu hamsini na saba zimekwenda, na tope lake nilikuwa nimeshalimwaga kwenye shimo nyuma ya choo, maana ukilimwaga kwenye mfereji linaganda kama saruji. Nikaendelea. Siku ya thelathini na nane nikafungua, nikayasuuza, na yakiwa na maji yalikuwa mekundu, yanameta, nikaita "Allahu akbar" peke yangu. Nikayaanika kwenye kanga kuukuu. Yalipokauka, dada, yakafifia mbele ya macho yangu. Jiwe moja moja limefunikwa na mikwaruzo myembamba kama kioo cha simu ya mwanafunzi. Nilikaa chini.

Siku mbili nikatafuta kosa. Nikaazima kioo cha kukuzia cha fundi saa, nikaligeuza pipa kwenye jua. Katika mshono wa mpira nikaona punje. Unga wangu wa kusagia ni mweusi, wa mng'aro ni laini hauonekani hata punje. Hizi zilikuwa nyeupe, kubwa. Mchanga wa pwani.

Usicheke. Kosa limetoka jikoni kwako. Kila ukimaliza unga mmoja lazima uoshe pipa na mawe, unga wa nyuma usivuke kwenda mbele. Na mimi kusafisha chombo nimejifunza kwako: mchanga na kumbi la nazi, unasugua mpaka uone uso wako, ukiinuka kabla hujauona unapigwa kofi. Basi kila nilipobadilisha unga nilichukua kumbi na konzi ya mchanga, nikasugua lile pipa kama sufuria ya wali wa Idi. Sufuria ni chuma, mchanga unateleza. Mpira unaung'ang'ania. Kwa hiyo siku nane nzima mawe ya watu yalikuwa yanapakwa unga wa mng'aro huku yanakwaruzwa na mchanga wangu. Mtu mchafu angeliosha pipa kwa maji tu akapona.

Siku ileile nimeshika kioo mkononi, Bwana Hemedi huyo mlangoni na shahidi wake mmoja. "Tumekuja kuangalia amana." Akayatazama mawe, akaguna. Akahesabu, arobaini na matatu. Twende dukani. Mzani ukasoma mia tano thelathini na tisa.

"Gramu sabini na tisa ziko wapi?"

"Zimesagika, Bwana Hemedi. Ndiyo kazi yenyewe. Jiwe lazima lipungue."

Akamgeukia shahidi. "Umemsikia Mpemba? Karafuu hizo, zinaanikwa zinapungua. Jiwe nalo siku hizi linakauka?"

Watu wa dukani wakacheka. Nikakimbia nyumbani nikaleta tope la unga wa pili na wa tatu, nililikusanya kwenye ndoo likakauka. Tukapima, nikatoa uzito wa unga niliotia, ikabaki ishirini na mbili kamili. Nikamwambia, hizi hapa, na hamsini na saba nyingine zimo shimoni.

"Unanionyesha matope," akasema taratibu, "halafu unanielekeza chooni." Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Akasema siku ya kutoka eda atakuja na mzani mbele ya watu wote, na kama nimekata kipande cha jiwe hata kimoja nikauza, mtaa huu nitauhama.

Nimejenga jina hili kwa mota moja moja, dada. Sina mjomba hapa wa kunisemea. Nilifikiri hata kufunga mzigo na kuyaacha mawe kizingitini. Kisha nikaona nikiondoka, ndiyo nimeshakubali.

Jioni ileile nikaenda kwa Bi Mwanakombo. Mwanamume wa kando kama mimi haingii, wala hamwoni. Wametundika pazia mlango wa ndani. Binti yake mkubwa, Zuhura, akakaa kwenye mkeka upande wangu, mama upande wa pili.

"Yamepungua idadi?" ndilo swali lake la kwanza.

"Hapana, Bi. Yamepungua uzito. Na yamekwaruzika, kwa kosa langu mimi."

"Kosa gani?"

Nikamweleza. Zuhura akajifunika mdomo na ushungi. "Amelisugua pipa kwa mchanga, mama! Kama masufuria!"

"Nani alikufundisha kusugua?"

"Dada yangu, Bi."

"Amekufundisha vizuri. Sasa kuyarudia kunataka siku ngapi?"

"Ishirini na nne."

"Na mimi nimebakiza ngapi?"

"Ishirini na mbili."

"Basi unafanya nini kwenye mkeka wangu?"

Sikupata moyo wa kumtaja Bwana Hemedi. Ni shemeji yake, na mimi ni nani? Nikarudi mbio. Nikabandua mpira wote wa pipa, nikaweka mpya. Nikarudia kuanzia mia mbili na ishirini: siku saba badala ya nane, saba tena, nane za mng'aro. Ishirini na mbili, haibaki hata saa. Umeme umekatika mara mbili, jumla saa kumi na moja, na mara zote nililizungusha pipa kwa mkono hadi bega likafa ganzi. Kuosha sasa ni kwa maji na sabuni na mswaki mpya, na kila nikiosha nasikia sauti yako inasema hapo hujasugua.

Leo ni siku ya ishirini. Asubuhi Zuhura amekuja: "Mama anasema umpelekee moja. Moja tu."

Nikamwambia haifai kufungua pipa kabla ya siku, punje moja ikiingia kazi yote imekwisha. Akasema, "Mimi nimetumwa." Nikakata kucha. Nikaosha mikono hadi kwenye viwiko, nikavua shati lisije likadondosha vumbi, nikafungua, nikachomoa jiwe moja bila kulitazama, nikafunga. Nikalikausha kwa pamba na kulifungia kwenye leso. Njia nzima sikulifungua. Niliogopa.

Zuhura akalipitisha chini ya pazia. Nilihesabu pumzi zangu, zilifika kumi na saba.

"Umelilowesha?" sauti ikauliza.

"Hapana, Bi. Kavu."

"Zuhura, njoo ushike."

Akaingia. "Kavu, mama. Kavu kabisa."

Kisha Bi Mwanakombo akasema, si kwangu hasa: "Marehemu alikuwa akirudi safari analilamba kwanza ndipo ananionyesha. Linang'aa hivi. Nikinyoosha mkono nilishike, limeshakauka, limekuwa changarawe. Miaka yote ile. Nilikuwa namwambia, bwana wewe unaniletea mate." Akacheka, au hakucheka, pazia lilikuwa zito.

Nikangoja anirudishie jiwe. Hakurudisha. Nikakohoa. "Bi Mwanakombo, pipani yamebaki arobaini na mawili. Bwana Hemedi atahesabu arobaini na matatu. Na uzito pia ameshausema, anasema nimeiba."

"Hesabu naijua, Hamad."

Dada, ameniita jina langu.

"Jumamosi akihesabu akafika arobaini na mawili," akasema, "mwambie la mwisho analo mwenye mali. Na huo mzani wake auweke mbele yangu, nitakuwa nimeshatoka. Sasa nenda kwenye pipa lako."

Basi nimerudi, na bado naogopa. Neno lake ninalo, ila limesemwa nyuma ya pazia, na mashahidi wa Hemedi ni wawili. Moja limeng'aa, arobaini na mawili sijayaona, na nimelifungua pipa katikati ya kazi. Eda inaisha Ijumaa, watu wanakusanyika Jumamosi. Wewe ukiipata barua hii jambo litakuwa limeshapita, kwa heri au kwa shari. Niombee umeme tu, mengine nimeshayafanya.

Mama mbusie mkono wa kulia. Kaka Faki mwambie bado nachezea mawe, kama anavyopenda kusema, na asisahau paa. Mumeo, shemeji yangu, nampa salamu na namwomba asikusomee barua hii juu ya bega. Shangazi wa Wete mwambie dawa yake ya kikohozi nimeipata, nitampa mtu wa boti. Na wewe goti lipumzishe, ngazi ziko pale pale.

Mdogo wako uliyemlea,
Hamad