Chupa Aliyoileta Kemuma

Ekerenyo,
9 Machi 2025

Mwanangu Makori,

Niwie radhi kwa kunyamaza tangu Krismasi. Nilikuwa na hasira, na mwenye hasira huandika vibaya. Natumai u mzima huko Kisii pamoja na mkeo. Sisi tupo. Mvua imechelewa, majani chai hayachumiki, na mama yako anakohoa kidogo.

Sasa nisikilize. Ulimtuma Kemuma, mkamwana wangu, aniletee chupa ya kutilia haja ndogo. Aliiweka mezani kando ya kikombe changu, mbele ya shangazi zako, kisha akakimbilia jikoni akiwa amejifunika uso. Mimi siingii hata katika nyumba yake, nawe ukamfanya mchukuzi wa aibu yangu. Chinsoni, ile heshima inayotenga mzazi na mwana, hukufunzwa, au uliiacha chuo kikuu?

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu kwa Ekegusii maneno haya hayatamkiki baina yetu. Pasaka usije.

Babako,
Ogeto


Kisii,
23 Machi 2025

Baba,

Pokea salamu zetu. Sisi hatujambo. Mpe mama pole ya kikohozi.

Kwa habari ya Kemuma nimekosa, naye hanipi nafasi ya kusahau. Mengine siyaombei radhi. Baba mdogo Ongeri alikufa kwa saratani ya tezi dume huku boma zima likisema ni mgongo. Nawe umeanza kusema mgongo, na nasikia unakunywa mizizi ya mtu wa Keroka.

Kila chembe ya mwili hutoa vifuko vidogo mno viitwavyo eksosomu, vinavyobeba ujumbe kwenda kwa chembe nyingine. Saratani nayo hutoa vyake, na vile vya tezi dume hutoka na haja ndogo. Ndiyo maana ya chupa, tuvipime. Maabarani kwetu huchukua vifuko vya chembe salama, tukavitia dawa, ili viifikishe kwenye uvimbe bila kuutesa mwili mzima. Ni majaribio, siahidi kupona. Tunapokea wagonjwa hadi mwisho wa Juni.

Ukipendelea kufa kwa heshima, hewala.

Mwanao,
Makori


Ekerenyo,
20 Aprili 2025

Makori,

Tumefika Pasaka salama, na kiti chako kilikuwa wazi kama nilivyoagiza. Kikohozi cha mama yako kimepoa.

Barua yako imeandikwa vizuri na kwa utovu wa adabu. Hivyo vifuko vikitoka katika mwili wa mtu mwingine, nani alimwomba ruhusa? Na vikipotea njia, dawa inamwagika wapi? Hukueleza, kwa kuwa hukudhani mwalimu mstaafu wa shule ya msingi angeuliza.

Damu nimeiona tangu Februari. Nimeliandika hilo mara moja, wala usinijibu. Lakini chupa yangu haitafunguliwa na mtoto niliyembeba begani. Maadamu umo katika maabara hiyo, mimi sikanyagi.

Babako, upende usipende,
Ogeto


Kisii,
2 Juni 2025

Baba,

Tu wazima. Kemuma anawasalimu, kutoka mbali.

Umeshinda. Nimeacha utafiti. Sasa nafundisha biolojia katika shule ya upili huko Suneka, ambako hadubini ni moja, nayo ni mbovu. Anayepima ni Daktari Janat Shariff, binti wa wauza vitambaa wa mjini. Si Mgusii, si mwanao, si mkamwana wako. Hakujui.

Wanaotoa chembe huombwa ruhusa na kutia sahihi. Na vifuko hupotea njia, ndiyo. Vingi huishia kwenye ini. Hilo ndilo nililokuwa nikilitafutia dawa kwa miaka minne.

Huna kisingizio tena. Nenda.

Mwanao,
Makori


Ekerenyo,
18 Juni 2025

Mwanangu Makori,

Salamu kwako na kwa mkeo. Mvua imekuja, na majani chai yanatushinda kuchuma.

Sikukuambia uache kazi. Nilikuambia siingii ukiwamo. Sijafurahi.

Nilikwenda. Binti Shariff aliniuliza yote kwa Kiswahili, nami nikamjibu yote bila kuinamisha uso, kama mtu anayeeleza habari za shamba la jirani. Chupa nilimpa mkononi. Saratani ipo, na imeanza kutoka nje ya tezi. Sindano za vifuko huenda zikasaidia, huenda zikaniumiza ini bure. Hakupamba neno, na hilo nililipenda.

Nilipokuwa nikiaga, nilimwuliza ni nani aliyekuwa akifungua chupa hizo zamani.

"Tulikuwa wawili, mzee," akasema. "Mwenzangu alikuwa mtu wa kwenu Nyamira. Chupa za wazee wa huko hakuzigusa, alikuwa akinisukumia mimi. Alisema wote hao ni baba zake."

Sikumwambia wewe ni nani kwangu.

Hilo hukuliandika. Ungeliandika mwezi Machi, leo ungekuwa na kazi yako.

Amenipa hadi mwisho wa mwezi. Usije kunishawishi, wala usimtume mtu. Nikishaamua nitakuandikia, kwa lugha hii hii.

Baba yako,
Ogeto