Nafasi ya Marehemu Mghanga

Jumatatu, 4 Februari 1985
Vumbi la Salaita limeua tena mashine ya kusomea diski. Basi nimeidanganya kompyuta ya ofisi yetu ya mfereji: kipande cha kumbukumbu yake kijione ni diski. Asubuhi naijaza kutoka kwenye kaseti. Kila mkulima na faili lake, kila faili na zamu ya maji. Mzee wa darasa la sita nadanganya mashine! Raha tupu.
Nimemfuta mkulima Mghanga kwenye orodha. Tulimzika Jumamosi. Marehemu hanyweshi migomba.

Jumatano, 6 Februari
Karatasi ya zamu imebandikwa ukutani. Wote waliokuwa nyuma ya Mghanga hawamo. Kilonzo hayumo. Maji yake mashine imempa jirani yake Mwakio, aliye mbele ya Mghanga.
Kilonzo kaja mferejini na panga. Kidole cha Mwakio kikaanguka, kikaenda na maji. Mkewe akakikimbilia. Hakukipata.


Alhamisi, 7 Februari
Kilonzo kavunja dirisha langu kwa jembe.
"Mzee, hiyo televisheni yako imeninyima maji! Mahindi yakikauka nakuzika nayo!"
Nikamwambia achimbe kaburi pana, mashine ina kitambi. Kanizaba kofi. Jino limelegea. Lilikuwa bovu, lakini langu.
Polisi wanasema gari lao liko Voi. Wana wa Mwakio wananoa mapanga mbele ya duka, mchana kweupe. Wanasema wanamngoja Kilonzo Jumamosi, karatasi mpya ikitoka.
Naogopa.

Ijumaa, 8 Februari
Mjinga ni mimi. Programu yangu ikikuta nafasi tupu inadhani majina yamekwisha. Walio nyuma wapo, haiwafikii tu.
Nikakumbuka pango letu kule milimani. Babu zetu walipanga mafuvu ya wafu kwa mstari juu ya jiwe. Hakuna aliyewaita kula. Lakini hakuna aliyeacha pengo kwenye mstari.
Sasa anayefutwa naachia alama pale pale. Fuvu. Mashine ikilikuta isisome, isisimame, ipite. Akija mkulima mgeni, akalie hapo.
Jina la Kilonzo likatokea. Nikalitukana, kisha nikalichapa.

Jumapili, 10 Februari
Jana wana wa Mwakio waliisoma karatasi mpya, wakaona jina la Kilonzo limerudi, wakamtazama baba yao. Akatikisa kichwa kukataa. Mapanga yakarudi nyumbani.
Leo maji yanaingia shambani kwa Kilonzo. Hajanisalimia. Dirisha nimeziba kwa gunia.
Mwakio amekaa ukingoni mwa mfereji, mkono umefungwa kitambaa. Anajikuna pale kidole kilipokuwa.