Juu ya Ngoie na Ingenieri wa Mashine

Likasi, siku ya mvua

Mudogo wangu Kabulo,

Nakusalimia, nasalimia na miguu yako yenye kuuma, na nyumba ya baba pale Kabalo kama ingali imesimama. Umeamuka namna gani? Muhindi ilitoka? Huku tuko bazima. Usine, kiwanda kwenye nilitumika, haitoi moshi tena, bukari tunakula mara moja kwa siku, lakini minye sikuanguka. Benzangu benye tuliingia nabo ku kazi, bengi beko mu udongo. Minye ningali naenda kwa miguu mpaka Buluo na kurudi, na siku ileile naweza kukata kuni. Na hii barua naandika na mukono yangu, sikuomba muntu. Kama maandishi inalala, ni kosa ya kalamu.

Nasikia bantu ba train balikuambia kama Ngoie, mujukuu wako mwenye ulinipa nimulee, alitukana mukubwa mbele ya bantu na kazi ikapotea. Kutukana, ni kweli. Ngoja nikueleze, juu nilikuwa pale, na hakuna mwenye aliona muzuri kunipita.

Mufanya biashara moja alileta maonyesho ya mashine mu salle ya mikutano ya parokia. Kulikuwa ordinatere, ni sawa televizyo yenye kuandika, na mashine ya fotokopi, na fonie ya kusema na bantu ba Lubumbashi. Nje jenereta inapiga kelele sawa usine ya zamani, nilifurahi kuisikia. Ngoie alijifunza kupiga mashine ya kuandika ku basista, basi balimuchukua na basichana bengine baonyeshe bantu. Patron, ule mufanya biashara, akasema: mwenye atafanya muzuri atabaki na kazi, bureau, ofisi yake, itafunguliwa hapa Likasi. Mwenye kuchagua ni ingenieri wao wa Lubumbashi. Unaelewa, Kabulo? Mu nyumba yetu hakuna mwingine mwenye kuingiza kitu.

Minye nilikaa mbele kabisa na nikauliza. Wino ya hii televizyo iko wapi? Umeme ikizimika, maneno inaenda kulala wapi? Ingenieri alinijibu ya kwanza, ya pili akachoka. Muntu wa mvi, kravati, tumbo. Akasimama nyuma ya Ngoie, akaweka mukono ku kiuno yake, akamuita «muke wangu». Ngoie akatoa ule mukono. Ukarudi, chini zaidi.

«Tata, mukono,» Ngoie akasema.

«Aa, usikasirike! Minye ni sawa nkambo wako, babu yako. Nkambo hawezi kucheza na muke wake?»

Bantu balicheka. Na minye nilicheka. Unajua desturi yetu: mujukuu njo muke ya nkambo wake. Kila asubuhi namuita Ngoie muke wangu, naye ananijibu kama hataki bwana wa meno mbili.

Jioni, ku nyumba, aliweka sufuria chini kwa nguvu.

«Nkambo, ulicheka nini?»

«Si ni mchezo tu?»

«Weye ulishanishika kiuno?»

«Ee! Niko na kichaa?»

«Na nikikutukana mbele ya barafiki zako, unanifukuza?»

«Nikufukuze juu ya nini? Ni haki yako. Nkambo akikasirika, mchezo imekufa, bantu batamuzomea.»

«Basi yeye aliniambia, nikiendelea kutoa mukono yake, mashine itapata musichana mwingine.»

Ile neno ikaanza kuniwasha mu kichwa. Ni mchezo gani, moja anacheza na mwingine anaogopa njaa? Nilitaka kujua. Kesho yake nikaenda mapema, nikauliza banamuke moja moja, sawa vile nilikuwa nauliza mashine yenye kugonjwa ni wapi inauma. Musichana wa fotokopi akasema, kila mara akiinama kutia karatasi, ingenieri anapita nyuma yake. Wa fonie akasema siku hizi anafunga bitenge mbili. Mama mwenye kufagia salle, ni wa umri yako, akaniangalia na ufagio mu mukono: «Tata, leo njo unauliza?» Nikamuuliza na ya zamani, wakati yeye alikuwa musichana. Akaendelea kufagia.

Salle ikajaa. Ngoie akachukua mikro.

«Batata na bamama, ingenieri anasema ni nkambo wangu. Basi nimusalimie sawa mujukuu. Nkambo, hii tumbo ni yako ao ulimeza fotokopi? Nkambo, nywele ulipaka rangi mbele, nyuma ukasahau! Na hii mukono, iko na ugonjwa gani, inatembea peke yake sawa panya?»

Salle ilipasuka! Kila muntu anangojea ingenieri acheke, amujibu, sawa nkambo. Yeye akamunyang'anya mikro: «Musichana bila adabu, toka! Hutagusa mashine tena!»

Mama moja akapiga kelele kule nyuma: «Nkambo gani huyu mwenye kukasirika?» Bakaanza kumuzomea.

Patron akaniita pembeni, na heshima yote. «Tata muzee, weye ni muntu mukubwa. Sema mbele ya bantu kama ilikuwa mchezo ya nkambo na mujukuu. Tumalize. Kazi itakuwa ya Ngoie.»

Kabulo, kazi ilikuwa pale, mu kinywa yangu. Nikamuangalia Ngoie. Hakunipa jicho. Alikuwa anafunika ordinatere na kitambaa yake, taratibu, sawa muntu anafunika mutoto.

Nikachukua mikro. Ile kintu inakurudishia sauti yako kubwa, niliipenda. Nikasema: «Minye njo nkambo wa huyu mutoto. Huyu bwana simujui. Mukono yake ikae ku kravati yake.» Nilitaka kueleza na kazi yangu ya usine, lakini balizima mikro.

Basichana ba fotokopi na fonie bakaacha mashine zao, bakasimama karibu na Ngoie. Mama wa kufagia pia. Maonyesho ikaisha vile. Mashine zilirudi Lubumbashi na ingenieri wao, bureau haikufunguliwa. Basi waambie bantu ba train muzuri: kazi ilipotea juu ya kinywa yangu, haiko juu ya matusi ya Ngoie. Na bakinipa mikro tena, nitasema vilevile.

Sasa anauza mikate ku soko. Juzi nikamuuliza kama anajuta.

«Nkambo, napita mpaka ku gare ya train, hakuna mwanaume mwenye kuniita muke wake tena. Weye tu.»

«Na minye niache?»

Akaniangalia kinywa, zile meno mbili.

«Weye endelea. Nani mwingine atakutaka?»

Musalimie shemeji yetu mwenye kushona, na muke wa marehemu kaka yetu, na ule katekisti muzee mwenye alinipiga fimbo juu ya kusoma. Na mama yake Ngoie, mwambie mutoto analala muzuri.

Ni minye kaka yako, mwenye kusimama bado,

Ilunga