Joka Lenye Subira

Jumatatu, 3 Machi

Mume wangu anacheka chooni. Mtu mzima, mwalimu wa udereva, mwenye kipara chake na watoto wawili bweni — anacheka peke yake chooni na simu! Nilisimama mlangoni na taulo begani. Kicheko. Kimya. Kicheko tena. Nikajisemea, haya, leo namjua huyo mwanamke.

Alipotoka nikamnyang'anya simu. Hakuna mwanamke. Kuna kochi. Kochi lenye meno na hasira zake, linapigana na shujaa mwenye kitambi anayelalamika mgongo. "Ni mchezo tu, mke wangu," akasema, akapita zake, kaniacha nimeishika simu kama mtu aliyeachiwa mtoto wa jirani.

Mchezo! Afadhali ingekuwa mwanamke, ningejua pa kuanzia.

Mama mkwe akauliza kutoka sebuleni kuna nini. Nikamwambia mwanao anapigana na makochi. Akasema kabla hajaoa hakuwa hivyo. Nilitaka kumjibu — lakini alikuwa ameshahamia kwenye habari za goti lake.

Jumanne, 4 Machi

Nimeupakua mchezo wenyewe. Kwa uchunguzi tu! Lazima nijue ni kitu gani kinakula akili za watu ndani ya nyumba yangu.

Unaitwa Mashujaa wa Kukodi. Upuuzi mtupu. Unapewa kikosi: yule shujaa wa mgongo, mchawi anayeogopa mende, bibi mmoja anayetibu majeraha kwa kugombeza ("Nilikwambia uvae sweta!"); na mbuzi ambaye ni wakili. Mbuzi hapigi mtu. Anasoma vifungu vya sheria mpaka adui anasinzia. Na mnapigana kwa zamu. Unachagua pigo, unapiga. Wanapiga wao. Unapiga wewe. Basi! Hakuna kukimbizana, hakuna kuwahi. Mtoto wa chekechea angechoka nao.

Nimecheza kidogo wakati keki ndogo ziko ndani ya oveni. Nimelishinda lile kochi. Likasema, "Basi nikalie tu." Nimecheka — lakini kwa dharau.

Alhamisi, 6 Machi

Aliyebuni mchezo huu namtaka uso kwa uso. Nina maneno yake.

Leo nimeharibu krimu. Mimi! Duka ni letu wawili, mimi na mdogo wangu: mimi naoka, yeye anapamba. Nimeiwasha mashine ipige siagi na sukari, nikasema nimalizie pigano moja tu. Nilipoinua macho krimu ilikuwa imekatika, maji huku, mafuta kule, na mdogo wangu amesimama ananitazama. "Dada, unachati na nani?" Nikasema mteja. Mteja gani! Nilikuwa na joka.

Joka la pangoni linatakiwa litishe watu. Hili linaomba radhi kwamba nimelikuta likila. Na kinachoniudhi kuliko vyote — linasubiri! Zamu ikiwa yangu, linakaa. Linajikuna sikio, linapiga miayo, linatazama kucha zake. Nimeiweka simu kaunta, nikahudumia mtu, nikatoa trei, nikaosha mikono, nikarudi: bado liko palepale, halijaniunguza hata unywele. Adui huyo! Ana adabu kuliko watu ninaokaa nao.

Na aliyeniletea balaa hili? Mezani nimemuuliza kwa ujanja, kama mtu anayeulizia hali ya hewa, hivi lile joka la kwenye mchezo wako unalipigaje. Akasema ameshaufuta. Unapoteza muda, anasema.

Kaufuta! Kanitumbukiza shimoni, yeye katoka, anajipangusa vumbi.

Jumamosi, 8 Machi

Niandike kwa mpangilio, maana hasira inanivurugia maneno.

Bibi arusi wetu, yule muuguzi tunayemtengenezea keki ya harusi, alipita dukani kuchagua maua ya sukari. Anajifunza gari kwa mume wangu. Mchangamfu, hana baya. Ameshika ua jeupe mkononi, akasema, "Halafu hongereni, jamani! Mwalimu ametuaga jana. Tutamkosa sana. Anasema hiyo shule anayokwenda ni kubwa, na yeye ndiye atakuwa mkuu. Mnahama mwisho wa mwezi, sivyo?"

Nikasema asante.

ASANTE! Sijui hata ilitoka wapi. Nikamfungia kipande cha kuonja, nikamfungulia mlango, nikampungia mkono. Mdogo wangu alikuwa stoo, hakusikia. Ngazi ya chini ya keki yake huyohuyo muuguzi ilikuwa ndani ya oveni, keki ya matunda, ile ya kuokwa mapema ikakaa. Mimi nikavuta kigoda nyuma ya kaunta, nikafungua simu. Sikumpigia mume wangu. Nilimwita mbuzi asome vifungu.

Kilichoniamsha ni moshi.

Keki imeungua mpaka zabibu zimekuwa makaa. Mdogo wangu ameuona mchezo kwenye simu yangu, ameitupa keki, ameanza kupima unga upya. Bora angenitukana.

Na mume wangu kaaga wanafunzi wake! Kaaga kila anayekanyaga klachi mji huu. Mimi ndiye sijaagwa — kwa kuwa mimi ni mzigo, nami nitapakiwa pamoja na makabati.

Jumatatu, 10 Machi

Jana nilijaribu. Chai iko mezani, hakuna televisheni. Nikaanza: "Yule muuguzi alipita dukani, akaniambia—" "Ah, yule!" akasema. "Hajui kuachia klachi taratibu." Akaniendeshea somo la klachi mpaka vikombe vikapoa.

Leo nikajaribu tena, chumbani. Nimesema, "Kuna jambo nataka kukuuliza kuhusu kazi yako—" Mama akagonga mlango: mafuta ya kuchua goti yako wapi? Nikaenda kuyatafuta. Niliporudi mwenzangu ameshaanza kukoroma na jua halijazama vizuri.

Nikakaa kwenye ukingo wa bafu na joka.

Sasa nimeelewa, na kuelewa kwenyewe kumenitia uchungu. Si vichekesho. Vichekesho ni chambo tu. Ni ule muda wa kuchagua. Ikifika zamu yangu, kiwambo kizima cha simu kinasimama. Naweza kufikiri nitakavyo, nikabadili mawazo, nikarudi kwenye pigo la kwanza. Hakuna anayenimalizia sentensi. Hakuna anayesema "angalia kioo, punguza mwendo" kama anavyoniambia mume wangu nikikata vitunguu. Wanasubiri wote — kochi, mende, joka — mimi nimalize.

Mwanamke mwenye miaka yangu! Nimelazimika kwenda kwa joka la katuni ili nisikilizwe!

Jumatano, 12 Machi

Nimemwambia mdogo wangu habari ya kuhama. Nilidhani atalia. Akaweka chini mfuko wa krimu, akauliza nimesema nini nilipoambiwa. Nikasema nilisema asante.

"Na shemeji, umemwambia nini?"

Nikamweleza habari ya klachi, na goti, na mafuta ya kuchua. Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema kwa upole, na upole wake ndio ulionikera: "Dada, mimi nilikuwa nausingizia huo mchezo. Kumbe mchezo hauna kosa."

Kisha akasema hawezi kuendesha oveni na kupamba peke yake. Hakusema kama lawama. Alisema kama mtu anayesoma kipimo cha unga. Tuliinunua oveni hii wote wawili, tukaiingiza kwa kuvunja fremu ya mlango, na jirani wa duka la dawa akaja kusukuma. Mume wangu siku ile alikuwa nje anatuelekeza: kulia, kulia, simama.

Ijumaa, 14 Machi

Nimelishinda joka. Mbuzi alilisomea sheria ya upangaji, mchawi akapiga huku amefumba macho. Joka likaanguka taratibu, likasema, "Haya. Sasa mimi nitakaa na nani?"

Nimekasirika karibu nitupe simu. Si kazi ya mchezo kuuliza watu maswali ya namna hiyo!

Keki ya muuguzi imetoka vizuri. Imenyooka kama ukuta.

Jumapili, 16 Machi

Naandika hapa mezani, vyombo havijaondolewa. Chakula cha mchana hakijaliwa hata nusu.

Mume wangu alisubiri mama apakuliwe, akajisafisha koo. Akatangaza. Tunahama mwisho wa mwezi, amepewa ukuu wa shule, nyumba ameshaiona, ina ua mpana. Kwa sauti ileile anayoitumia kueleza alama za barabarani. Mimi nimeshika upawa. Nikasema, "Na duka langu?"

"Utaoka hukohuko," akasema. "Kwani watu wa huko hawana midomo?" Akacheka kidogo.

Nikasema, "Duka si langu peke yangu—"

"Hilo tutalipanga, wewe usi—"

"Sijamaliza."

"Mke wangu, nilikuwa nasema tu—"

"SIJAMALIZA!"

Upawa nilikuwa nimeuinua juu kama askari wa barabarani. Mchuzi ukanitiririka mpaka kwenye kiwiko. Kukawa kimya. Na aibu iliyoje — nilipopata kimya hicho, sikuwa na neno! Siku zote hizi nimekipigania, na sasa kipo, kimekaa mezani pamoja nasi, na mimi nimefumba mdomo kama samaki. Wakanitazama. Mama akaacha kutafuna.

Nikaanza taratibu. Nikasema habari zangu mwenyewe nimezisikia kwa mteja, nikamshukuru kama mjinga. Nikasema keki ya mtu imeungua. Nikasema kuna chumba kimoja katika mji huu ambacho nikiingia najua kila kitu kilipo na hakuna anayenielekeza, na yeye amekitoa bila kubisha hodi. Nikasema siendi popote mpaka niulizwe. Na nikiulizwa, jibu linaweza kuwa hapana.

Hakunikatiza. Nasema kweli, hakunikatiza.

Halafu akauliza, polepole, "Kwa hiyo ulikuwa unajua tangu wiki iliyopita? Ukawa unanitazama nafunga maboksi gereji, ukanyamaza?"

Kumbe na yeye ana la kusema! Lilinichoma, na kilichonikasirisha zaidi ni kwamba hakukosea. Nikafungua mdomo nimwambie habari ya klachi. Akainuka, akachukua funguo, akatoka. Nimemwona kupitia dirishani akiingia kwenye gari la mafunzo, lile lenye kibao cha L juu ya paa. Hakuliwasha. Amekaa upande wa mwanafunzi.

Nikageuka niende. Nilijua mama atasema umeona ulivyomfanya mwanangu, na jibu nilikuwa nalo limeiva. Lakini akasema, "Kaa. Usimfuate."

Nikakaa.

"Baba yake alinihamisha mara nyingi," akasema. "Naamka nakuta magodoro yamefungwa kamba. Nilidhani ndivyo watu wanavyoishi." Akajisogezea sahani ya mwanawe, akaifunika kwa sahani nyingine ili chakula kisipoe.

Sasa hii ni haki kweli? Miaka yote tuliyokaa nyumba moja ananieleza goti, goti, goti — na hili alikuwa nalo moyoni! Angelisema mapema! Nimemwambia hivyohivyo. Akasema hakuna aliyemuuliza.

Muda umepita. Mama amelala kwenye kiti, au anajifanya. Gari liko palepale. Namwona kipara tu, na mikono juu ya usukani, hakuna simu mkononi, hakuna redio. Anafikiri. Sijawahi kumwona mume wangu akifikiri muda mrefu namna hii bila kumweleza mtu.

Sitoki. Nimeapa sitoki. Wala sitamgongea kioo.

Mlango wa gari umefunguka. Mguu mmoja umetoka, umekanyaga chini.

Huohuo mmoja tu, mpaka sasa.