Wakurugenzi Kumi na Wawili

4 Machi

Mama, shikamoo. Mgongo wako unaendeleaje? Na baba, ameanza kula? Mimi mzima, ila nanuka rangi mpaka kwenye mto wa kulalia.

Nimepata kazi! Kampuni moja kubwa imeingia mkataba na jumba letu la sanaa, na mimi ndiye nitakayewachora wakurugenzi wao wote kumi na wawili. Watu wagumu hao. Wa kwanza alikaa mbele yangu dakika kumi, simu sikioni, akaniachia karatasi ya maagizo: makunyanzi yatoke, kidevu kinyanyuliwe, macho yang'ae. Nikajitia ujuaji, nikamchora kama alivyo, picha ikarudishwa siku hiyo hiyo. Sasa nawapaka ujana wote, na wote wanafurahi.

Mwanao

19 Aprili

Mwanangu, marahaba. Mgongo ni ule ule, tumeshazoeana. Baba yako anashindia maji.

Amesikia unachora wakubwa, akasema, "Na mimi je, au mpaka nivae tai?" Tukacheka, kumbe hatanii. Tangu Jumatatu anataka anyolewe kila asubuhi, anavaa shati jeupe, anakaa dirishani kukusubiri. Unajua hatuna picha yake hata moja, kamera alikuwa anaikimbia. Njoo, mwanangu, usikawie.

Mama yako

2 Mei

Mama, shikamoo. Pole sana kwa kuuguza. Wamebaki wanne tu, na maonyesho ni mwisho wa mwezi. Nikiondoka sasa watampa kazi mtu mwingine. Mwambie mzee anivumilie kidogo, nitakuja na fremu kubwa kuliko ya mwenyekiti wao.

Mwanao

11 Juni

Mama, sijui hata nikusalimu vipi. Nilipofika mlikuwa mmeshazika, nikashindwa kukutazama usoni. Najilaumu, mama, usingizi sina. Tangu nirudi nimejifungia chumbani namchora baba kwa kumbukumbu. Picha naituma pamoja na barua hii. Nisamehe.

Mwanao

28 Juni

Mwanangu, sijambo, nashukuru nimeamka. Wewe unakula?

Picha imefika bila mkwaruzo, nikaitundika sebuleni. Shangazi yako akaingia, akaitazama weee, akauliza, "Huyu ndiye bosi wa mwanao?" Nikamwambia ndiyo. Sikutaka kukuaibisha.

Baba yako alikuwa na jicho moja dogo, mwanangu. Shavu lilibonyea pale magego yalipong'oka. Huyu kidevu kiko juu na hana kunyanzi hata moja. Najua hukukusudia, mkono umeshazoea.

Nimeigeuza ikatazama ukuta. Si kwa hasira. Kila nikiiangalia, uso wake mwenyewe unanipotea kidogo, na ndio pekee niliobaki nao. Usijaribu kuchora nyingine.

Mama yako